Kikiwa cha Kizungu Fantasia, Kikiwa cha Kiswahili Uchawi?

Haya wadau, wiki hii mjini kumeonyeshwa makabati mawili ya vitabu, na namna watu walivyoyapokea ni aibu tupu.

Kabati la kwanza liko ushuani, Mikocheni. Mdada mmoja maarufu, jina linahifadhiwa, karusha video akionyesha vitabu vyake vya fantasia. Majoka yanayotema moto, mikusanyo minene ya hadithi fupi, hadi vitabu vya mwongozo vinavyoeleza hizo dunia za kufikirika zinavyojengwa. Vyote Kiingereza, vyote jalada gumu. Watu wakamiminika: "Akili kubwa hiyo!" Alipoulizwa kama ana cha Kiswahili hata kimoja, akajibu kwamba Kiswahili hakina fantasia, kina hadithi za kichawi tu. Makofi yakaongezeka.

Kabati la pili si hata kabati. Ni salfeti mbili chini ya kitanda, chumba cha kupanga, Tandika. Mwenyewe ni dogo anayeuza kava za simu, na kwa miaka kadhaa akipata chenji anapitia wauza vitabu chakavu wanaotandaza chini. Ana Kusadikika, ana Adili na Nduguze, ana hekaya za Abunuwasi, ana vijitabu vya majini visivyo na jalada wala kurasa za mwisho. Mwongozo wa Kiswahili alitafuta akakosa, akaandika wake kwenye kaunta buku: kila kiumbe, kimetoka hadithi gani, kina nguvu gani, kinashindwaje. Naye akapiga picha, akarusha. Kilichomkuta? "Mchawi huyo." "Ndiyo maana hela haikai." Picha ikamfikia mama mwenye nyumba, dogo akapewa siku tatu: achome au ahame.

Sasa tuulizane kwa utulivu. Harry Potter, aliyeanza kutoka mwaka 1997, anahusu nini? Shule nzima ya wachawi! Wana sare, wana mabweni, wanafanya mitihani ya uchawi. Kikiwa Mikocheni hicho ni usomi. Jini wa Kiswahili akiwa Tandika ni sababu ya kufukuzwa chumba. Tofauti si uchawi, tofauti ni lugha na mtaa.

Na hiyo ya kusema Kiswahili hakina fantasia ni kujimwambafai bila kusoma. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima inayoelea angani, na wajumbe wake wanatumwa pande zote kutafuta maarifa. Lile vitabu la The Lord of the Rings ambalo mdada kaliweka katikati ya kabati lilianza kutoka 1954. Kwenye Adili na Nduguze kuna ndugu wawili wanaogeuzwa manyani. Fumo Liyongo wa pwani hakuingia chuma wala mshale, mpaka alipochomwa sindano ya shaba kitovuni. Na nunda je, paka aliyeanza kwa kula ndama akaishia kula watu? Hakutoka Uingereza huyo.

Tena hizo hadithi za Unguja ziliwahi kukusanywa na mmisionari, Edward Steere, akazichapisha London mwaka 1870. Mmisionari, wadau! Hakuziogopa, alikaa chini akasikiliza, akaandika. Leo wenye hadithi ndio wanaotafuta kiberiti.

Wapo wenye hoja ya kuheshimiwa. Wanasema nchi hii watu wenye ualbino wamekatwa viungo, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, kwa hiyo mambo haya si ya kuchezea. Ni kweli, na inauma. Lakini waliofanya unyama ule walifuata maneno ya waganga na umbea wa kijijini. Mtoto aliyezoea hekaya anajua kipi cha kusimuliwa na kipi cha kuaminiwa. Asiyezoea ndiye anayeona picha ya kitabu akapiga kelele "mchawi!" Na hizo kelele ndizo zinazoanzia mauaji ya vikongwe. Mjifikirie, nyie mlioandika.

Dogo hakuchoma. Kahamisha salfeti zake kwa mshikaji anayetengeneza simu Mbagala, na yeye mwenyewe analala hukohuko, chini, huku kodi ya miezi mitatu iliyobaki ikiwa imeliwa. Kaunta buku tu ndiyo kaibeba kwenye begi.

Kwenye kitabu cha Steere kuna kisa cha maskini aliyekuwa akichakura jaani, akamnunua paa anayesema. Paa yule akamtafutia mke, binti wa Sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba, akampa jumba. Paa alipougua, bwana akaamuru apewe uji wa mtama mbovu. Paa akafa. Bwana alipoamka akajikuta jaani, anachakura.

Kiswahili ndicho paa wetu. Kinatulisha, kinatuimbisha, kinawapa mastaa wetu majumba. Na sisi tunakipa mtama mbovu, halafu tunashangilia majoka ya wenzetu.

Mama mwenye nyumba amrudishie kijana hela yake. Na mdada wa Mikocheni, nafasi ipo kwenye hilo kabati, anza na Kusadikika. Wewe mdau, ungechoma au ungesoma? Tiririka hapo chini.