Fundisheni Kwanza, Ndoano Baadaye

Juzi, kwenye ghorofa linalojengwa pembeni ya Barabara ya Taifa Namba 1 hapa Kamenge, Bujumbura, tulisimama kutazama nondo zikipandishwa. Mashine ilikuwa ile ya mkono mrefu unaorefuka na kufupika, ambayo mafundi huiita Manitou hata ikiwa na jina la kampuni nyingine ubavuni. Kamba ya nailoni ilikuwa imezungushwa kwenye uma mmoja, bila kufungwa popote, na chini yake fungu la nondo lilikuwa linazunguka taratibu. Vibarua wawili walilishika kwa mikono lisigonge ukuta. Mmoja alikuwa amevaa kandambili. Dereva alipourefusha mkono wa mashine, gurudumu la nyuma likaachana na udongo, kiasi cha unene wa kidole hivi. Akaurudisha haraka. Nondo zikafika juu, watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Dereva yule hatumlaumu. Anaendesha vizuri, na kazi ameipata kwa jasho. Tunalaumu mazoea ya shantye zetu: dereva akishajua kubeba matofali kwa uma, anahesabiwa kuwa anajua pia kuinua mzigo unaoning'inia. Hizo ni kazi mbili.

Tofali zilizo juu ya uma zinatulia. Mzigo ulio kwenye ndoano unabembea. Dereva akikanyaga breki, mashine inasimama lakini mzigo unazidi kwenda mbele, na kila unavyokwenda mbele ndivyo unavyoiinamisha mashine. Halafu watu hudhani mashine ya tani 3 na nusu inabeba tani 3 na nusu popote. Inazibeba mkono ukiwa mfupi. Ukinyooshwa mbele mpaka mwisho, mashine nyingi za kiwango hicho hubaki na uwezo wa chini ya tani 1. Haya yote yameandikwa kwenye jedwali lililo ndani ya kibanda cha dereva, na kila kifaa kinachofungwa mbele kina jedwali lake. La uma halifai kwa ndoano.

Turudi kwenye nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na zaidi kidogo, kwa hiyo nondo 100 zinapita tani 1. Tuseme ni tani 1 kamili, zimefungwa kwa minyororo miwili inayokutana kwenye ndoano. Minyororo ikiwa imesimama karibu wima, kila mmoja unabeba nusu tani na kitu kidogo. Ukitumia minyororo mifupi ikalala mpaka pembe yake na mzigo iwe digrii 30, kila mmoja unabeba tani nzima, na mzigo haujaongezeka hata kilo. Jambo hili mtu halioni kwa macho, hata akikaa miaka 20 kwenye usukani. Anafundishwa ubaoni, kisha anashikishwa kamba na kuivuta mwenyewe, mikono yake isikie tofauti.

Uingereza wameliona hili zamani. Kanuni zao za mwaka 1998 zinataka kila kazi ya kuinua mzigo ipangwe na mtu mwenye ujuzi na isimamiwe, na minyororo na mikanda ikaguliwe kila miezi 6. Dereva wa mashine hizi anayetaka kuinua mizigo ya kuning'inia anapimwa kwa hilo peke yake, na kadi yake inaonyesha.

Kwetu kuna ugumu mwingine. Jedwali la kibandani limeandikwa Kifaransa, Kiingereza, mara nyingine Kichina. Kijana wa Kamenge kazi ameifundishwa kwa Kiswahili na Kirundi, na fundi aliyemtangulia, ambaye naye jedwali hakulisoma. Mafunzo yakitolewa kwa lugha asiyoitumia kazini, atarudi na cheti mfukoni, na kichwani hana kitu. Afundishwe kwa Kiswahili na Kirundi: kusoma jedwali, kukadiria uzito, kukagua mkanda uliochanika na ndoano iliyopoteza ulimi wake, kutumia kamba ya kuongozea mzigo badala ya mikono ya watu, kwenda polepole huku mzigo uko chini, kumtii mwelekezaji mmoja tu. Na udongo pia. Mvua za Aprili zikishaunyeshea, ardhi iliyobeba mashine asubuhi inaweza kuiachia mchana.

Mahali pa kuanzia papo. Kituo cha Vijana Kamenge, kilichopewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002 kwa kuwakutanisha vijana wa jamii zilizotenganishwa na vita, kiko hapa hapa mtaani, na vijana wanakifahamu. Wizara ya kazi, vituo vya ufundi na makandarasi wakikaa pamoja, darasa litapatikana, na mashine ya kujifunzia itaazimwa siku isiyo na kazi.

Kanuni ya Kazi ya Burundi ya mwaka 2020 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, hulipa fidia ya ajali za kazini kwa waliosajiliwa, lakini kibarua wa siku mara nyingi hayumo kwenye orodha. Yule wa kandambili akiangukiwa na nondo, watakaochangishana hela za hospitali ni majirani zake.

Makandarasi, tunawaomba hili lianze wiki hii, kabla hata ya darasa kufunguliwa: mzigo usifungwe tena kwenye uma mtupu, na mtu asipite wala kusimama chini yake. Dereva akikuambia kazi ya ndoano hajafundishwa, msikilize, na siku hiyo usimpe ufunguo.