Mwenye Nywila Ndiye Mwenye Mashine

MIZANI YA WIKI
Na Mwana-Gerezani

Kompyuta ya mezani hufunguliwa kwa hatua mbili ambazo watumiaji wengi huzihesabu kuwa moja. Hatua ya kwanza ni kuwaka, yaani safari fupi inayoanza kitufe kinapobonyezwa na kuishia mfumo endeshi unapotokea kwenye kioo. Hatua ya pili ni kutambulika, yaani mashine kumkubali aliyeketi mbele yake kuwa ndiye msimamizi mwenye ruhusa ya kusimika programu, kubadili mipangilio na kuwafungulia au kuwafungia wengine. Katika maduka ya Kariakoo na ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako kompyuta moja hubeba hesabu ya stoo, madeni ya wateja na bei za mzigo, hatua ya kwanza ikikwama fundi huitwa mara moja, lakini hatua ya pili huachwa mikononi mwa fundi huyo huyo bila swali lolote. Uzembe huo wa pili ndio unaoyageuza matatizo madogo ya hatua ya kwanza kuwa hasara kubwa.

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa katika maduka hayo ni za mtumba, zikiwamo OptiPlex za Dell, ThinkCentre za Lenovo na zile za HP, ambazo ziliundwa kwa ajili ya maofisi makubwa na kuuzwa kwa jumla baada ya maofisi hayo kununua mpya. Ni mashine imara, na bei yake humwezesha mfanyabiashara mdogo kuacha daftari la karatasi, lakini baadhi yake hufika zikiwa na vitu viwili vilivyobaki kutoka maisha yake ya zamani, navyo ni betri ya saa iliyochoka na mipangilio ya mwenye nyumba wa kwanza.

Betri hiyo, inayojulikana kwa namba CR2032, ni kidonge cha chuma chenye kipenyo cha milimita 20 na nguvu ya volti 3, kilichobanwa kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi. Kazi yake ni kuilisha saa ya mashine wakati umeme umezimwa, na katika mashine nyingi za zamani huitunza pia mipangilio ya BIOS, ambayo ni programu tangulizi inayoamka kabla ya nyingine zote, ikakagua viungo vya mashine na kuonyesha diski ipi ina mfumo endeshi. Betri ikichoka, dalili yake ya kwanza huonekana ndogo: umeme ukikatika usiku, asubuhi saa huwa imerudi nyuma miaka mingi, tovuti za benki hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana kuwa vya tarehe ambayo haijafika, na kioo cheusi huandika maneno meupe yanayotaka kitufe cha F1 kibonyezwe ili mashine iendelee. Muuzaji hukibonyeza kila asubuhi kwa miezi kadhaa, akazoea. Dalili ya pili ni nzito zaidi, kwani mipangilio ikirudi ilivyotoka kiwandani, namna BIOS inavyozungumza na diski inaweza kutofautiana na ile iliyokuwapo Windows iliposimikwa, na hapo mfumo endeshi hushindwa kuifikia diski yake, kioo kikageuka cha buluu, na mashine ikawa inajizima na kujiwasha bila kikomo. Diski ni nzima na mafaili yote yamo. Kinachohitajika ni betri mpya na mpangilio mmoja kurudishwa ulivyokuwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa mashine inayotoa milio huku kioo kikibaki cheusi. Milio hiyo ni lugha ya BIOS, na moja ya maana zake za kawaida ni kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda, haijagusana sawasawa na nafasi yake. Fundi mzoefu hukichomoa kijiti cha RAM, hukisugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli mpaka weusi ulioletwa na vumbi na unyevu wa pwani utoke, hukirudisha mpaka vibanio vyake vilie, na mashine huwaka. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Ujuzi upo katika kujua pa kuanzia.

Tatizo ni kwamba tiba iliyozoeleka siyo hiyo. Tiba iliyozoeleka ni kile kinachoitwa kupiga Windows, yaani kufuta diski na kusimika mfumo endeshi upya, kazi ambayo fundi anaweza kuifanya bila kujua ugonjwa na mteja anaweza kuilipia bila kuuliza, kwa kuwa mwishowe mashine huwaka na wote wawili huridhika. Kinachopotea hugundulika baadaye, pale inapotafutwa orodha ya wadaiwa au hesabu ya mauzo ya mwaka uliopita. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na utetezi wa kwamba fundi alipiga Windows hauzirudishi kumbukumbu hizo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi hupotea kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mara nyingi mwenyewe ndiye aliyelipa lifutwe.

Hapo ndipo suala la msimamizi linapoingia. Tangu toleo la Vista, lililoingia sokoni kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2007, Windows huificha akaunti ya msimamizi inayozaliwa nayo na kumtaka anayesimika mfumo aunde akaunti yake mwenyewe, ambayo ndiyo hupewa mamlaka. Kwa kuwa anayesimika ni fundi, mamlaka huanza kwake, na mwenye duka hupewa akaunti ya mtumiaji wa kawaida ambamo kila anapotaka kuongeza programu au printa huulizwa nywila, yaani neno la siri, ambalo halijui. Haki itendeke kwa mafundi: utengano huo wa akaunti ni wa busara, kwa sababu kijana wa kaunta asiye na mamlaka ya msimamizi hawezi kwa urahisi kusimika michezo au kueneza virusi vilivyoletwa na fleshi. Lililo baya ni kwamba ufunguo uliotakiwa kukaa kabatini mwa mwenye duka hukaa kwenye simu ya fundi, na fundi akihama mtaa, akiugua au akikosana na mteja wake, duka zima hubaki mpangaji katika mashine yake lenyewe.

Mambo yamekuwa mazito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 na kuwasukuma watumiaji kwenye Windows 11, inayodai mashine iwe na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama inayohifadhi funguo na kukagua kama mashine imebadilishwa. Katika mashine zinazokidhi vigezo, mfumo huo unaweza kuifunga diski nzima kwa maandishi ya siri bila hata mmiliki kuambiwa, pale anayesimika anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Mipangilio ya BIOS ikibadilika, TPM inaweza kushuku na kudai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, nao huhifadhiwa katika akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Kama fundi alitumia barua pepe yake mwenyewe ili amalize haraka, ufunguo wa mali ya mteja umo kwake, na asipopatikana hakuna ufutio wala betri itakayoifungua diski hiyo.

Tanzania imewahi kulijua kwa kiwango kikubwa pengo hili la kuwa na mashine bila kuitawala. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya matumizi yake katika hesabu za umma kutoleta matunda yaliyotarajiwa. Marufuku ilikwisha zamani, na mashine zimejaa hadi vibarazani, lakini kuwa na mashine na kuitawala bado ni mambo mawili.

Sheria nazo zimeliona pengo hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inambebesha anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Mwenye duka anayetunza majina na namba za simu za wateja hawezi kudai kwamba anazilinda wakati hajui ni nani mwingine mwenye nywila.

Kwa hiyo anayenunua kompyuta ya mtumba aiwashe mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, abonyeze F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP au F1 kwenye ThinkCentre, na akidaiwa nywila ya BIOS aiache mashine hiyo dukani, kwa kuwa katika matoleo mengi ya karibuni nywila hiyo haifutiki kwa kuchomoa betri. Anayeita fundi adai ugonjwa utajwe na mafaili yanakiliwe kabla ya diski kuguswa. Na kazi ikikamilika, nywila ya msimamizi na ufunguo wa tarakimu 48 viandikwe kwenye karatasi, vitiwe ndani ya bahasha, na bahasha ikae pamoja na leseni ya biashara na cheti cha namba ya mlipakodi (TIN). Fundi asiyekubali kuandika karatasi hiyo hajamaliza kazi, na hastahili kulipwa mpaka aimalize.