Mtu Mzima Mwenye Ulemavu Si Mtoto

Sheria ya Uganda dhidi ya ushoga, aliyoitia saini Rais Yoweri Museveni Mei 2023, inatoa kifungo cha maisha kwa wanaofanya mapenzi ya jinsia moja. Ikiwa uliyekuwa naye ni mtu mwenye ulemavu, adhabu inaweza kuwa kifo. Sheria inauita huo ushoga uliokithiri na kuuweka katika orodha moja na kumnajisi mtoto. Ridhaa ya wenyewe haihesabiki.

Waliotunga sheria hii walisema wanawalinda wanyonge. Hatukubali. Orodha hiyo hiyo ina kipengele cha anayetumia nguvu na vitisho, na kingine cha anayemwingilia mtu aliyepoteza fahamu. Mbakaji amekwisha kutajwa huko. Kipengele cha ulemavu basi kinamwongeza nani, kama si mtu mzima aliyeridhia? Mwanamume wa makamo anayetembea kwa magongo, anayelipa kodi na kupiga kura, anaambiwa hawezi kuchagua wa kulala naye, na aliyemchagua anyongwe. Na wakiwa viziwi wote wawili? Kwa maandishi ya sheria hiyo, kila mmoja ni mhalifu na kila mmoja ni mwathiriwa.

Haya si ya karatasini tu. Agosti 2023 kijana wa miaka 20 alishtakiwa Soroti kwa kosa hilo la ushoga uliokithiri. Aliyedaiwa kuwa naye alikuwa na miaka 41, na vyombo vya habari viliripoti kuwa ni mtu mwenye ulemavu.

Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vichache, kikiwamo kilichomlazimu kila mtu kwenda polisi kumripoti anayemshuku. Kwa kiziwi hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, kwa sababu mara nyingi hawezi kumweleza daktari maradhi yake bila mkalimani, na mkalimani huyo huenda ni ndugu yake au muumini mwenzake. Kipengele cha ulemavu kilibaki.

Wanaoishi na hali hizi mbili kwa pamoja, ushoga na ulemavu, hawana nafasi ya kukosea. Shoga mwenye miguu yake akifukuzwa nyumbani hubeba begi akapanda basi. Anayeogeshwa na kuvishwa na dada yake atakwenda wapi? Anayeijua siri yake ndiye anayemlisha. Mashoga wenzake, kwa kuogopa kuvamiwa, hukutana kwa kujificha, na maficho hayachaguliwi kwa kuangalia kama kiti cha magurudumu kitapita. Akienda kwa walemavu wenzake, anaombwa anyamaze asije akawaletea balaa.

Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 12 inawatambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine wote. Huwezi kumpa mtu haki ya kumiliki ardhi na kutia saini mikataba, kisha ukamnyima akili anapopenda. Hata msomaji ambaye dini yake inakataza ushoga, na tunajua ni wengi, anaweza kuona ubaya wa kumhesabu mtu mzima kuwa mtoto kwa sababu haoni au hasikii.

Kenya nayo iliridhia mkataba huo mwaka 2008, lakini Mswada wa Ulinzi wa Familia wa Mbunge Peter Kaluma umeiga mtindo wa Kampala: kifo kwa ushoga uliokithiri, pamoja na ule unaomhusu mtu mwenye ulemavu. Tunawataka wabunge waukatae. Na vyama vya watu wenye ulemavu, Nairobi na Kampala, viseme hadharani kwamba havikuomba ulinzi wa namna hiyo na havitaki sheria itungwe kwa jina lao.