Vyuo vya Mbeya na Iringa: Kibao kipya, mwalimu yule yule aliyechoka!

MEI MOSI ya mwaka 2018 ilifanyika kitaifa Iringa, Uwanja wa Samora. Ya mwaka 2019 ikahamia Mbeya, Uwanja wa Sokoine. Miaka miwili mfululizo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulipewa heshima ya kuwa wenyeji wa wafanyakazi wa nchi nzima. Mabango yakapita, ngoma zikapigwa, Rais Magufuli akahutubia, na mara zote mbili watu wakarudi makwao bila ile nyongeza ya mishahara waliyoifuata. Walichorudi nacho ni fulana na kofia.

Watumishi wa vyuo vikuu nao ni wafanyakazi wa Mei Mosi kama wengine. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie leo, kwa sababu kabwela wa Mwanjelwa na mwenzake wa Mlandege huwatazama kama wenye nchi. Anamwona mtu kafunga tai, kabeba kompyuta, anaitwa daktari, basi anajua huyo kaula. Ndugu yangu, ukiiona hati yake ya mshahara baada ya makato utamnunulia chai.

Tuanze na vibao vya getini. Pale Iyunga, Mbeya, palikuwa na Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986 kwa msaada wa Wasovieti. Mwaka 2005 kikageuzwa kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2012 kikapanda tena, kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Iringa nako, Mkwawa ilikuwa shule ya sekondari ya kidato cha tano na sita. Mwaka 2005 ikafanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, MUCE, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walutheri wana Chuo Kikuu cha Iringa, Wakatoliki wana Ruaha, Wamoraviani wana Teofilo Kisanji pale Mbeya, Mzumbe nao wamefungua kampasi yao mjini humo. Katika muda wa miaka ishirini hivi mikoa miwili ya mahindi na viazi imegeuka mikoa ya vyuo vikuu. Si jambo baya hata kidogo. Zamani mtoto wa Rungwe au wa Mufindi alikuwa lazima apande basi hadi Mlimani ndipo aitwe msomi.

Lakini kibao huchorwa kwa siku moja na rangi hukauka kabla ya jua kuzama. Daktari wa falsafa hachorwi. Mwenye bahati anasoma miaka mitatu au minne, asiye na bahati anafika saba, mwingine anaishia njiani na deni. Na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haina mzaha kwenye karatasi. Ukitaka kuanza kazi ya kufundisha, yule kijana tunayemwita TA, uwe na shahada ya kwanza yenye wastani wa 3.8. Ukitaka kuwa mhadhiri msaidizi, uwe na uzamili wenye 4.0. Kuitwa mhadhiri kamili ni mpaka uzamivu. Baada ya hapo kila ngazi ni makala za utafiti kwenye majarida, na majarida mengine ya nje yanadai ada kwa dola.

Sasa hebu jiulize. Chuo cha ufundi kinapogeuzwa chuo kikuu, wale walimu wake waliokuwa wakifundisha stashahada vizuri kabisa wanageuzwa na nini? Hawageuzwi na kibao. Wanageuzwa na masomo, na masomo ni fedha, muda na ruhusa. Hapo ndipo longolongo inapoanzia.

Tukumbushane kidogo. Novemba 2015 serikali mpya ilipiga marufuku safari za nje za watumishi wa umma mpaka kwa kibali cha juu. Wananchi tulishangilia, mimi nikiwamo, maana vigogo walikuwa wamezoea kwenda Ulaya kununua suti kwa jina la semina. Lakini rungu lile lile lililomlenga kigogo lilimpata pia mtafiti aliyealikwa kusoma makala yake ya udongo au ya saruji mbele ya wenzake. Kati ya kuzuia ulaji na kuzuia elimu hapakuwekwa mstari. Kisha Juni 2016 ajira na upandishaji vyeo vikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Mtu alikuwa amehangaika na shahada yake ya uzamivu, akaipata, akarudi chuoni kwa furaha, akakuta mshahara wa zamani unamsubiri mlangoni. Akaambiwa avute subira. Subira huvuta heri, lakini mwenye nyumba hapokei subira.

Mwaka 2021 ukaja mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET. Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 425, karibu shilingi trilioni moja kwa thamani ya wakati ule, kwa miaka mitano. Fedha zikalenga vyuo vya umma: majengo, maabara, mitaala, na kuwapeleka watumishi masomoni. MUST wamo, na Mkwawa wamo kupitia mama yao wa Dar es Salaam. Nasema wazi kwamba sehemu ya kusomesha watumishi ndiyo ya maana kuliko zote. Jengo bila mwalimu ni ghala.

Lakini zile hazikuwa zawadi. Ni mkopo. Ungawa ni nafuu, utalipwa, na watakaoulipa ni ninyi vijana mnaosoma gazeti hili mkiwa mmesimama kituo cha Kabwe. Basi mnayo haki ya kuuliza: nani kapelekwa? Kasoma nini? Karudi lini? Aliyeachwa aliachwa kwa sababu gani?

Kanuni za utumishi wa umma zinamtaka kila mwajiri awe na mpango wa mafunzo. Mpango maana yake ni kwamba zamu inajulikana. TA aliyeajiriwa mwaka fulani anajua kwamba baada ya miaka kadhaa ni yeye, na kama siye, anaelezwa sababu kwa maandishi. Pale mpango unapofungiwa kabatini, zamu hugeuka hisani. Mtu anaanza kumbebea mkuu wa idara mkoba. Anaacha kusema kikaoni. Anacheka vichekesho visivyochekesha. Nchi inapoteza msomi na inapata mpambe! Sisemi chuo hiki au kile ndivyo kinavyofanya. Nasema orodha ikiwa siri, hata mkuu mwaminifu atashukiwa, naye hatakuwa na cha kujitetea.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Watatu wakiondoka idarani kwenda kusoma, vipindi vyao haviondoki nao. Anabaki mmoja na darasa la mamia. Anafundisha asubuhi, anasimamia tafiti za wanafunzi mchana, anasahihisha usiku chini ya blanketi, maana Julai ya Mbeya si ya utani. Na kwa kuwa mshahara hautoshi, Jumamosi anapanda daladala kwenda kufundisha kwa kibarua chuo cha jirani. Mji wenye vyuo vingi una neema hiyo: mhadhiri mmoja anaweza kuchoka mara tatu kwa siku. Miaka ya 1980 na 1990 wazee wao Mlimani walifuga kuku na ng'ombe ili waishi, na wengine wakakimbilia Botswana, Lesotho na Swaziland. Kizazi hiki hakifugi kuku. Kinafuga mikopo. Inatakiwa theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato, lakini mkopeshaji wa kausha damu hana habari na theluthi. Anachukua kadi ya benki na namba ya siri.

Halafu tunashangaa presha! Tunashangaa mtu wa miaka arobaini na tano kaanguka ofisini!

Ukiuliza habari za afya na ustawi wa watumishi, utaonyeshwa picha za michezo ya SHIMUTA. Michezo ni mizuri, nami siipingi. Lakini wanaokwenda ni kikosi cha wachezaji na viongozi wao, na mara nyingi ni wale wale waliokuwa na afya tangu mwanzo. Mwenye sukari hapangwi namba tisa. Wanaobaki mazoezi yao ni kunyanyua glasi: Iringa ulanzi, Mbeya bia na kitimoto, mazungumzo yakiwa ni kikokotoo cha pensheni. Nao huo ni ushauri nasaha wa aina yake, sitawacheka, maana hawana mwingine.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya, si siku ya kuajiriwa tu bali hata awapo kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Bima ya Taifa, NHIF, inakula asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri. Na mwaka 2024, bima hiyo ilipobadili bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kuacha kuwapokea wanachama wake. Mtu amekatwa miaka ishirini, siku anapougua anaambiwa kadi haisomi! Kuhusu ugonjwa wa akili ndiyo usiulize. Mhadhiri akilemewa, wenzake hunong'ona kwamba karogwa na mwenye kiti chake.

Nimesema sana juu ya wahadhiri kwa sababu ndio wanaosikika. Chini yao kuna watu ambao neno mafunzo wanalisikia kwenye hotuba tu. Fundi sanifu wa maabara anavuta moshi wa tindikali mwaka wa kumi, mashine mpya inaletwa kwa fedha za mkopo, inafunguliwa kwa mbwembwe, na yeye anapewa kitabu cha maelekezo cha Kijerumani. Kesho ikiharibika ni yeye. Dereva anayemkimbiza mkubwa Dodoma usiku kupitia Makambako na Iringa, macho yake yalipimwa lini? Makatibu muhtasi angalau wana chama chao, TAPSEA, chenye mkutano wa kila mwaka, lakini kwenda huko ni mpaka bosi atie sahihi, na bosi huona mkutano wa maprofesa ni utafiti na mkutano wa makatibu muhtasi ni matembezi. Siku ofisi ile ikikosa katibu muhtasi wiki moja, ndipo utajua chuo kinaendeshwa na nani.

Na vyuo binafsi? Huko HEET ilipita kwa mbali kama basi la moja kwa moja. Mishahara inategemea ada, na ada inategemea Bodi ya Mikopo kumkopesha mwanafunzi. Wanafunzi wakipungua, cha kwanza kufutwa ni masomo ya watumishi. Mwalimu anayetaka uzamivu anajisomesha mwenyewe, kwa mkopo wa SACCOS, huku akifundisha. TCU anamdai shahada kwa ukali ule ule anaomdai mwenzake aliyelipiwa na Benki ya Dunia.

Sasa wewe kijana unaniambia, hayo ni ya maprofesa, mimi yananihusu nini? Yanakuhusu mfukoni. Ukisoma kwa mkopo wa Bodi, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 unakatwa asilimia 15 ya mshahara wako. Unalipia kitu. Kama ulifundishwa kwa madondoo ya mwaka 2009 na mtu aliyelala saa tatu, bado utalipa asilimia ile ile, hakuna punguzo la mwalimu aliyechoka. Na kama wewe ni yule mwenye 3.8 unayeota kuwa TA, basi orodha ninayoisema ni maisha yako mwenyewe ya miaka kumi ijayo.

Wa kudai ni nani? Watumishi wana vyama, THTU na RAAWU. Vinakata mishahara kila mwezi, na pale chama kinapokuwa na wanachama wengi hata asiyejiunga hukatwa ada ya uwakala. Sheria inawapa nguvu ya kukaa mezani na mwajiri na kufunga mkataba wa hali bora. Katika mkataba huo yaandikwe haya: orodha ya wanaokwenda masomoni ibandikwe ubaoni, majina, kozi, mfadhili na tarehe ya kurudi, mafundi sanifu na madereva wakiwamo. Hakuna anayeondoka kabla mwenye kushika vipindi vyake hajapatikana na kulipwa. Upimaji wa afya ufanywe chuoni mara moja kwa mwaka, kwa wote, majibu apewe mwenyewe.

Karatasi moja, pini nne, ubao wa matangazo. Mkuu wa chuo asiyekuwa na cha kuficha anaweza kuibandika Jumatatu asubuhi. Viongozi wa matawi pale Iyunga na pale Mkwawa, mkutano wenu ujao wa wanachama ni lini, na ajenda ya kwanza ni ipi: ni hiyo karatasi, au ni rangi ya fulana za Mei Mosi?