Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: PF3 za Msimbazi zihesabiwe

Afande,

Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji ramani ya uhalifu, anayo kichwani. Anajua kona ya Mtaa wa Kongo ambako simu hukwapuliwa, na saa ambayo mtu akikatiza peke yake hupigwa roba. Ndiyo maana mteja wake aliyetoka Lubumbashi na fedha taslimu humsindikiza mpaka mlangoni mwa hoteli.

Polisi nao wanayo yao, ila imelala kabatini. Majeruhi wa kisu, panga au risasi huandikiwa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na fomu hiyo huishia kuwa kielelezo mahakamani, kama kesi itafika huko. Zikijumlishwa bila majina, kwa mtaa, saa na silaha, ni utafiti tosha.

Cardiff, Uingereza, walianzia hospitali. Daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aligundua kuwa majeruhi wengi wa ugomvi hawakujulikana polisi kabisa. Mapokezi wakaanza kuuliza: umeumizwa wapi, kwa silaha gani? Hesabu ikapelekwa polisi na manispaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliolazwa kwa majeraha hayo walipungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na miji mingine.

Dar es Salaam si mgeni wa jambo hili. Mwaka 1998 jiji liliingia katika mpango wa Miji Salama wa UN-Habitat, na wakazi wakahojiwa kuhusu uhalifu uliowapata wenyewe. Leo taarifa ya mwaka ya Polisi hutoa hesabu kwa mikoa. Mwenyekiti wa mtaa aifanyie nini?

Tena silaha hazifanani. Januari 2015 jiji lilitaharuki kwa Panya Road, vijana wa mapanga. Julai 12 mwaka huohuo wavamizi waliua polisi katika kituo cha Stakishari na kupora bunduki. Sheria mpya ya silaha na risasi ilitungwa mwaka huo, lakini sheria ya bunduki haimgusi mwenye panga. Msako nao huwazoa wote, hata kijana aliyekaa kijiweni tu.

Ombi ni dogo: PF3 za kituo cha polisi cha Msimbazi za mwaka mmoja, majina yakiwa yamefutwa, wapewe watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili. Majibu yasomwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa, pale Kariakoo, mbele ya wamachinga, bodaboda na walinzi wa usiku. Wao ndio watakaosema palipokosewa.