Kipenga cha Salima wa Rusizi
Tarehe 18 Januari 2022, mjini Yaoundé, Salima Mukansanga alipuliza kipenga, Zimbabwe na Guinea zikaanza kucheza, naye akawa mwanamke wa kwanza kusimama katikati kama mwamuzi wa mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Ni mzaliwa wa Rusizi nchini Rwanda, ile Cyangugu ya zamani inayotazamana na Bukavu, na ndoto yake ya awali ilikuwa mpira wa kikapu. Wala hakupewa nafasi ile kwa huruma: alikuwa ameshachezesha Kombe la Dunia la wanawake Ufaransa mwaka 2019, kisha Olimpiki ya Tokyo. Mwezi Mei 2022 FIFA ikamteua kwenda Kombe la Dunia la wanaume Qatar pamoja na waamuzi wenzake wanawake, Stéphanie Frappart na Yoshimi Yamashita. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba huko aliishia kuwa mwamuzi wa akiba, kama Ufaransa ilipoikabili Australia, bila kukabidhiwa hata mechi moja aiongoze mwenyewe. Alistahili kabisa. Viongozi wa ligi zetu, msingoje FIFA iwaelekeze: wapangieni waamuzi wanawake mechi kubwa za wanaume msimu huu huu.