Makala Si Shauri la Mama Peke Yake

Kila mara bei ya mafuta ikipanda hapa Kisangani, twasikia shauri lilelile: akina mama wabane moto. Wapike mara moja kwa siku. Waloweke maharagi usiku. Wafunike sufuria. Wazime makala yaliyobaki, yatumike kesho. Maneno hayo husemwa katika mikutano ya jumuiya, chini ya miembe, hata nje ya kanisa baada ya Misa, na wasemaji karibu wote ni wanaume. Sisi tuandikao haya ni wanaume vilevile, nasi tumeyasema. Leo twayapinga.

Si kwamba shauri lenyewe ni baya. Maharagi yaliyolowekwa huiva upesi, na sufuria yenye kifuniko hula makala machache. Lakini mama wa Mangobo au wa Kabondo aliyajua hayo kabla sisi hatujafungua kinywa. Anayenunua makala kidogo kidogo kila asubuhi, kwa kukosa fedha ya gunia, huyo hafundishwi kubana.

Tuone kwanza makala yatoka wapi. Hayana tone la mafuta ndani yake, na hata hivyo mafuta yakipanda, nayo hupanda. Sababu ni safari. Miti ya karibu na mji imekwisha. Wachomaji wamezidi kuingia mbali, katika barabara ya Buta, ya Ituri, na ng'ambo ya Lubunga katika barabara ya Opala. Gunia laja kwa lori, kwa pikipiki, kwa baiskeli, kwa mtumbwi, na kila aliyelibeba hudai chake. Tena tanuri la udongo ni lafi: kilo 1 ya makala hutaka kilo 5 za kuni au zaidi. Msitu walipa, na mama alipa.

Na umeme je? Maporomoko ya mto Tshopo yanguruma mlangoni mwa mji, na kituo cha umeme kilijengwa pale katika miaka ya 1950, chenye mashine 3. Lakini kwa miaka mingi mashine hizo zimeharibika mara kwa mara, mji ukalala gizani. Mtu atasema: basi, kosa ni la wakubwa. Ni kweli, na tuwadai bila kuogopa. Maji hayo Mungu hakuyaumba yapite bure. Ila tusijifiche nyuma ya kosa lao. Mtu anayeilaumu serikali asubuhi na kumwaga mafuta usiku, nani atamsikiliza?

Maana mafuta twayamwaga. Tazameni matanga yetu. Mashine ya umeme yanguruma mpaka alfajiri, vipaza sauti vyapiga kelele, bia yapozwa, pengine kwa ajili ya marehemu ambaye hatukumpelekea hata taa alipokuwa mgonjwa. Tazameni harusi: pikipiki na magari yazunguka mji wote, honi zikilia, ili watu waone. Na siku za kawaida twapanda pikipiki kwenda kunywa mahali ambapo mtoto angefika kwa miguu. Fedha ya esansi twaitoa bila kunung'unika. Ya makala twaitoa kwa ugomvi, tena ni ileile ya mwaka jana. Isipotosha, nani hutumwa kuokota kuni? Ni binti, wala si kaka yake. Naye hufika shuleni somo la kwanza limekwisha.

Wazee wakumbuka miaka ya vita, 1998 mpaka 2003. Mto ulipofungwa kati yetu na Kinshasa, mafuta yalikuwa haba, na mji ukabebwa na baiskeli za toleka. Mwalimu, mwuguzi, mfanya biashara, wote walikaa nyuma ya toleka, wala hakuna aliyepoteza heshima yake. Leo twaona haya gani kutembea kwa miguu?

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, hakuona aibu kutaja mambo madogo: kupika kile tu kitakacholiwa, kuzima taa zisizo na kazi. Hakuandika kwamba ni kwa akina mama tu.

Twalijua pia somo la mjane wa Sarepta. Wahubiri hulisifu gudulia la unga lisilokwisha na mafuta yasiyopungua. Vijiti viwili alivyokuwa akiviokota wavipita mbio. Maandiko hayasemi kwamba kuni nazo ziliongezeka kwa mwujiza. Yaelekea mama yule aliendelea kuokota.

Baba wa jamaa wanaweza mengi. Jamaa tatu zaweza kuchanga na kununua gunia zima pamoja, na wanaume wakalibeba. Jiko la udongo lenye kutunza joto lanunuliwa mara moja, kwa fedha ya safari chache za pikipiki. Matanga yaweza kuwa na sala, nyimbo za kinywa na taa moja.

Jumapili ijayo, tukiisha kutoka Misa, na tuulizane sisi wanaume kwa wanaume: mfuko mdogo wa makala leo ni bei gani sokoni? Kisha tuwaulize wake zetu, tuone ni wangapi kati yetu waliijua.